Yah: Herufi ya hatimkato isiyo na namba kwenye kompyuta

Kwa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Chuo cha Utumishi wa Umma Tanzania, Baraza la Kiswahili la Taifa, Shirika la Viwango Tanzania, na Mamlaka ya Serikali Mtandao.

Waheshimiwa wakuu na ndugu zangu watumishi,

Shikamooni mnaostahili shikamoo, na wengine nawasalimu kwa heshima. Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Herufi ninayoiandikia barua hii, ya hatimkato, yaani maandishi ya mkato ya kunasa kwa kasi maneno ya anayezungumza, siwezi kuiweka ndani yake. Ni mstari mmoja tu wa mshazari, unaoshuka kutoka kushoto kwenda kulia. Ukiupitisha kalamu ya risasi kwa wepesi, ukawa mwembamba, ni p. Ukikandamiza kidogo ukawa mnene, ni b. Hiyo ndiyo jozi ya kwanza tuliyofundishwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, pale Chuo cha Uhazili Tabora, na kwa wiki nzima hatukuandika kitu kingine: nyepesi, nzito, nyepesi, nzito, mpaka vidole vikajua vyenyewe. Leo kwa kalamu naiandika hata umeme ukikatika. Kwa kompyuta haipo. Wala haijafichwa mahali ambapo mtaalamu angeweza kunionyesha. Hakuna namba iliyowahi kutengwa kwa ajili yake.

Kwa wasiofuatilia mambo haya, niseme kidogo. Kompyuta haihifadhi umbo la herufi, inahifadhi namba. Ukibonyeza p kwenye simu, kinachosafiri ni namba, na simu ya anayepokea inaitafuta namba hiyo kwenye fonti yake kisha inamchorea p. Orodha ya namba hizo, inayotumika dunia nzima, inatunzwa na muungano uitwao Unicode. Toleo lake la 16, lililotoka Septemba 2024, lilikuwa na herufi na alama 154,998. Mna maandishi ya Misri ya mafarao, mna maandishi ya kabari ya Babeli, mna hati ambazo wenyewe walikufa miaka elfu kadhaa iliyopita. Mistari ya Isaac Pitman, Mwingereza aliyetunga hatimkato hii na kuitoa kitabuni mwaka 1837 na ambayo ofisi za nusu ya dunia ziliandikiwa kwayo, haimo. Na hatimkato ya Kiswahili tuliyofundishwa sisi kwa mistari hiyo hiyo, nayo haimo.

Na bado Serikali yetu inaidai. Someni matangazo ya kazi ya Mwandishi Mwendesha Ofisi, kada ambayo sisi tuliingia tukiitwa wahazili na baadaye makatibu mahsusi. Kwenye sifa za mwombaji mtakuta awe amefaulu somo la hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza, maneno 100 kwa dakika moja. Aliyewahi kukaa kwenye imla anajua uzito wa sharti hilo. “Hatukuwaandikia” kwetu ni neno moja, na Mwingereza angetumia sita kusema jambo lilo hilo. Kwa hiyo binti anayefaulu maneno 100 ya Kiswahili amebeba mzigo mkubwa kuliko unavyoonekana kwenye cheti. Tunampima kwa alama ambazo hakuna mfumo hata mmoja wa Serikali unaoweza kuhifadhi moja yake. Mwalimu wake hawezi kuandaa zoezi kwenye kompyuta bila kuchora kwa mkono na kupiga picha. Kamusi ya vifupisho haiwezi kutafutwa. Mtihani wenyewe, baada ya kusahihishwa, unabaki karatasi ya kufungia maandazi.

Ninaomba mnivumilie niwaonyeshe jinsi alama hizi zinavyofanya kazi, kwa sababu nimegundua wengi wanadhani ni michoro ya mtu anayewaza mambo mengine. Hatimkato ya ukoo wa Pitman huandika sauti, haijali tahajia. Mstari wa wima ni t, ukiwa mnene ni d. Mstari wa kulala ni k, ukiwa mnene ni g. Kiduara kidogo ni s. Irabu ni nukta na vistari vinavyowekwa pembeni, na mwendo ukishakuwa wa kasi unaziacha, unabaki na mifupa ya konsonanti peke yake. Hapo ndipo Kiswahili, lugha ya irabu nyingi, kinapomtoa mtu jasho. Kiti, kitu, kata, kuta, koti, kete: zote ni k na t. Baba, babu, bibi na bubu: zote ni b na b. Kinachokuokoa ni mahali ulipoiweka alama, ikiwa imeinuka juu ya mstari wa daftari, ikiugusa au ikiukata, na akili yako mwenyewe kujua kwamba kwenye kikao cha maendeleo aliyesimama kuzungumza ni mwenyekiti wa kata na si wa kuta. Wazee wetu wa pwani walioandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu walilijua tatizo la namna hii kabla yetu. Msomaji alilazimika kuijua lugha kwanza ndipo maandishi yamfungukie.

Kwa hiyo siyo michoro. Ni maandishi kamili yenye kanuni, walimu, mitihani, makosa na masahihisho. Kwa miaka mingi maneno ya wakubwa wa nchi hii, kabla hayajawa barua wala muhtasari wa kikao, yalipita kwanza kwenye mistari hiyo. Tulichopiga chapa kilikuwa kimesafishwa. Daftari ndilo lililokuwa na maneno kama yalivyotoka kinywani, pamoja na sentensi ambayo bosi aliikatiza na kusema, “Hiyo usiiandike.” Nasi tulikuwa tumekwisha kuiandika.

Sasa niseme lililonifanya nishike kalamu.

Ofisi moja ilipokuwa inafungasha vitu vyake kuhamia Dodoma, mimi nikiwa karibu kustaafu, niliitwa kusaidia kutenganisha majalada. Kwenye kona kulikuwa na maboksi matatu ya madaftari ya hatimkato, mengine ya miaka kabla sijaajiriwa. Juu ya kila boksi mtu alikuwa ameandika kwa kalamu nene: HAISOMEKI. Nilifungua moja nikaanza kusoma nikiwa nimesimama. Ilikuwa imla ya barua kuhusu kisima, iliyoandikwa na mtu mwenye mkono mzuri kuliko wangu, k zake zimelala kama zimepigwa rula. Nikasema, “Hizi zinasomeka.” Kijana wa masijala, mtoto mwenye adabu kabisa, akanijibu, “Mama, zinasomeka na nani?” Nilimjibu kwamba mimi nipo. Siku ya tatu niliporudi yalikuwa yamechomwa moto nyuma ya jengo. Simlaumu yule kijana. Alipewa orodha ya vitu, na kwenye orodha hiyo hapakuwa na neno la kuviita madaftari yale.

Neno hilo ndilo ninalowaomba. Herufi ikiwa na namba, ina jina. Ikiwa na jina, mtu wa masijala anajua alichokishika.

Kuna waliotutangulia katika jambo hili, na kisa chao nimekisoma mara nyingi kwa wivu. Mwaka 1860 padri Mfaransa, Émile Duployé, alichapisha hatimkato yake. Yeye hakutumia unene. p yake ni mstari mfupi wa wima, na b ni mstari huo huo ukirefushwa. Miaka 30 hivi baadaye padri mwingine, Jean-Marie-Raphaël Le Jeune, akaipeleka Kamloops, katika British Columbia nchini Kanada, akaitumia kuandika Chinuk Wawa, lugha ya biashara iliyounganisha makabila mengi ya upande ule. Mei 1891 akaanzisha gazeti, Kamloops Wawa, lililoandikwa kwa mkono kwa hatimkato hiyo na kurudufishwa. Wenyeji wa kule, Wasecwépemc na Wanlaka'pamux, walijifunza haraka, wakafundishana wao kwa wao, wakaandikiana barua. Kwa wengi wao hayo yalikuwa maandishi ya kwanza kuyamiliki. Nawaza juu ya mtu anayejifunza kusoma na kuandika kwa hatimkato moja kwa moja, bila kupita kwenye a, e, i, o, u, na ninaona fahari kwa niaba yake.

Karne moja na zaidi ikapita. Lugha ile ikabaki na wazungumzaji wachache sana, kisha vizazi vipya, hasa watu wa Grand Ronde kule Oregon, wakaanza kuifufua. Barua na magazeti ya zamani yakawa mali. Juni 2014, Unicode ilipotoa toleo la 7, hatimkato ya Duployé ikapewa alama 143, kwa ushahidi uliokusanywa kutoka Kanada, Ufaransa, Romania na kwingineko. p yake ni namba 1BC02. Naiweka hapa: 𛰂. Kama mnaona kistari kilichosimama, simu yenu ina fonti yake. Kama mnaona kisanduku kitupu, hamna fonti, lakini herufi imefika salama na siku mkiweka fonti, ile ya bure ya familia ya Noto kwa mfano, itafunguka hapo hapo ilipo. Kisanduku hicho kinanitia moyo kuliko mnavyodhani. Maana yake ni kwamba kitu kipo, kinasubiri kuvalishwa umbo. Herufi yangu haina hata kisanduku.

Kongwe kuliko hiyo ni hii: ⁊. Ni “na” ya Tiro, mtumwa wa Cicero, mwanasiasa wa Roma, aliyekuja kuachwa huru, ambaye jina lake limebaki kwenye mfumo wa hatimkato wa Warumi zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Mapadri wa Ulaya waliukuza mfumo huo hadi ukafika alama takriban 13,000, kisha ukafa. Ikabaki hiyo moja, na nchini Ireland mpaka leo mtaikuta kwenye vibao vya barabarani ikimaanisha “na”. Unicode waliipa namba 204A mwaka 1999, na mwaka 2020 wakaiongezea herufi yake kubwa. Mtumwa wa Roma ana herufi kubwa na ndogo. Ninawaombea wahazili wa Tanganyika na Tanzania hata hiyo ndogo tu.

Najua mtaniambia, mama, zama zimebadilika, simu inarekodi, programu inanukuu sauti, nani ataandika hatimkato miaka kumi ijayo? Sina ugomvi na simu. Hata somo lenyewe likiondolewa kwenye sifa za ajira kesho, ombi langu linabaki pale pale, na huenda likawa la haraka zaidi. Siombi tuzalishe wahazili wapya kwa nguvu. Nazungumzia yaliyokwisha kuandikwa, ambayo wanaoweza kuyasoma tunazikana kila mwaka.

Samuel Pepys, mtumishi wa jeshi la majini la Uingereza, aliandika shajara yake kwa hatimkato kuanzia 1660 hadi 1669, majuzuu sita. Yalikaa kwenye chuo kimoja cha Cambridge karibu miaka 100 bila mtu kuyafumbua, mpaka kijana mmoja alipokaa nayo kuanzia 1819 hadi 1822 akiyafumbua alama kwa alama. Alipomaliza ndipo ikaja kujulikana kwamba kitabu cha kufundishia mfumo ule ule kilikuwa kwenye rafu za maktaba ile ile ya Pepys, hatua chache kutoka alipokuwa anahangaika. Ufunguo ulikuwepo. Hapakuwa na orodha ya kuuunganisha na mlango wake. Na Charles Dickens, aliyejifunza hatimkato kabla ya kuwa mwandishi wa habari za bungeni, aliacha barua moja iliyotunzwa kwenye maktaba ya Morgan mjini New York, ambayo ilikaa zaidi ya miaka 160 ndipo sehemu yake kubwa ikasomwa mwaka 2022, baada ya picha zake kuwekwa wazi kwenye intaneti na watu wa nchi mbalimbali kuombwa kusaidia. Dickens ni Dickens. Watu walijitokeza. Kwa daftari la mhazili wa mkoa hakuna atakayejitokeza asipotafutwa.

Mwaka juzi binti wa mwenzangu, marehemu, tuliyekuwa naye darasa moja, alinijia na daftari la mama yake. Nusu ya kwanza ilikuwa mihtasari ya vikao, nikamsomea kidogo. Kurasa za mwisho hazikuwa za ofisi. Kulikuwa na hesabu za upatu, nani katoa, nani bado, na chini yake mistari kama minane ambayo mama yake aliiandikia nafsi yake. Nilimsomea. Nikafika mahali pana jina la binti mwenyewe na baada yake alama moja ambayo sikuwahi kuiona. Kila mhazili alikuwa na vifupisho vyake alivyojitungia kwa maneno aliyoyaandika kila siku, na hicho kilikuwa chake. Nilikaa kimya. Akaniuliza, “Mama mdogo, hujui, au hutaki kuniambia?” Nilimwapia kwamba sijui. Sina hakika kama aliniamini.

Nakiri kwamba namba za Unicode zisingenisaidia kuisoma alama ile siku ile. Namba haifundishi mtu kusoma. Lakini kama madaftari ya wenzetu yangekuwa yamenukuliwa kwa herufi zenyewe, si kwa picha tupu, ningeweza kuitafuta: ni nani mwingine aliyeiandika, wapi, baada ya neno gani. Picha ya skani ni bora kuliko majivu, ila picha haitafutiki. Mkiweka picha 10,000 za hatimkato kwenye seva mtakuwa mmehamisha maboksi yale matatu kutoka kona moja kwenda kona nyingine.

Basi ombi lenyewe.

Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka, Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya 2002 imewapa ninyi dhamana ya kumbukumbu za umma tangu zinapozaliwa hadi hatima yake. Naomba mtoe waraka mmoja kwa masijala zote, ukurasa mmoja unatosha, uwe na picha ya ukurasa wa hatimkato na maneno haya: haya ni maandishi, msiyateketeze, wasilianeni nasi. Waraka huo hauhitaji bajeti kubwa wala kamati. Ungekuwepo, yale maboksi matatu yangekuwa hai. Kisha mtuite sisi wastaafu. Chama cha Makatibu Mahsusi, TAPSEA, kina wanachama nchi nzima na wanajua nani yuko wapi. Tupeni meza na mwanga mzuri, tukae na madaftari siku mbili kwa mwezi, mmoja anasoma, kijana anapiga chapa. Wengi wetu tutakuja kwa nauli tu.

Chuo cha Utumishi, ninyi ndio mama wa jambo hili, kwa kuwa Tabora ni kwenu. Vitabu vya kufundishia, mitihani ya zamani, majibu ya wasahihishaji, na hata kanda za imla kama zipo: vikusanyeni mahali pamoja. Unicode haipokei maombi ya huruma. Anayeomba herufi, na mtu yeyote anaruhusiwa kuomba, hutakiwa kuonyesha kila alama ikiwa imetumika, kwenye maandishi halisi, na kueleza inavyoungana na nyenzake, inavyopangwa kwenye kamusi, na nani anaihitaji. Kule Berkeley, Marekani, kuna mradi unaofanya kazi hiyo tangu 2002 ya kuwasaidia watu wa hati zilizosahauliwa kuandaa maombi yao. Mlango uko wazi. Ushahidi ndio uko kwetu, kwenye makabati yenu na chini ya vitanda vyetu.

Na ushahidi lazima uwe safi tangu mwanzo, jambo ambalo mtu wa chapa analielewa kuliko wengine. Namba ikishatolewa hairudishwi, na jina la herufi likishaandikwa halibadilishwi hata likiwa na kosa. Kuna alama moja ya mabano kwenye orodha hiyo ambayo jina lake la Kiingereza lilikosewa tahajia, herufi mbili zimepishana kama mtu aliyeteleza kidole, na limebaki hivyo. Hakuna kifutio. Ndiyo maana naomba Baraza la Kiswahili likae na walimu wa hatimkato mapema, kabla ya ombi lolote kwenda nje, watupatie majina ya Kiswahili ya mistari, mikunjo, vitanzi na nafasi tatu za kuandikia. Sisi darasani kila mwalimu alikuwa na majina yake.

Siwafichi kwamba Pitman ni ngumu kuliko Duployé. Kwa Duployé ilibidi zitengwe pia herufi nne zisizoonekana, kazi yake ni kuiambia kompyuta alama hii ipande, hii ishuke, hii ikate mwenzake. Kwetu kuna unene, kuna kufupisha mstari nusu ili kuongeza t au d, kuna nafasi tatu, na hilo la nafasi litaleta ubishi: je, k na t iliyo juu ya mstari wa daftari na k na t inayoukata ni maandishi mawili tofauti, au ni maandishi yale yale yamepangwa mahali tofauti? Kwa msomaji wa Kiingereza huenda likawa suala la mpangilio. Kwa msomaji wa Kiswahili, ambaye kiti na kata zake zimesimama kwenye mifupa ile ile, nafasi ni sehemu ya neno. Nataka sauti ya Kiswahili iwepo mezani siku ubishi huo utakapoamuliwa, kwa sababu wakiamua bila sisi wataamua kwa mahitaji ya Kiingereza na haitabadilishwa tena. Shirika la Viwango, orodha hii ya Unicode inakwenda sambamba na kiwango cha kimataifa cha ISO namba 10646, na ninyi ndio kiti chetu ISO. Naomba mkikalie katika hili.

Mamlaka ya Serikali Mtandao, kwenu nina jambo dogo ambalo linaweza kufanyika wiki hii. p ya kawaida hukaa kwenye baiti moja, kipimo kidogo cha nafasi ya kuhifadhia kwenye kompyuta. Ile 𛰂 niliyoiweka hapo juu huhitaji baiti nne: F0, 9B, B0, 82. Niliwahi kujaribu kuihifadhi kwenye mfumo wa ofisi moja ili nimwonyeshe kijana wa TEHAMA ninachokisema. Mfumo uliikata, pamoja na sentensi yote iliyofuata. Kijana akaangalia, akakuta hifadhidata ya MySQL iliwekwa ule mpangilio wa zamani unaoishia baiti tatu kwa herufi. Mpangilio wa baiti nne upo na unaitwa utf8mb4. Mifumo ya namna hiyo ikaguliwe sasa, herufi zetu zisije zikapata namba halafu zikafia mlangoni.

Inawezekana Unicode wakakataa. Inawezekana wakasema Pitman inahitaji miaka mingine ya mjadala, na mimi nisiwepo. Hata hivyo kazi ya kukusanya, kuorodhesha, kusoma na kutaja majina itakuwa imefanyika, na hiyo haihitaji kibali cha mtu yeyote nje ya mipaka yetu.

Kwa upande wangu ninayo madaftari yangu 11, ya mwisho ni ya mwezi niliostaafu. Yako kwenye sanduku la bati, nimeyawekea majani ya mwarobaini kwa ajili ya wadudu. Yale yenye mambo ya ofisi niliyaombea ruhusa na nitayakabidhi kwa utaratibu mtakaoelekeza. Mwanzoni mwa kila moja nimeandika kwa Kiswahili cha kawaida orodha ya vifupisho nilivyojitungia mwenyewe, na maana zake, pamoja na vile nilivyoacha kuvitumia. Nimemaliza madaftari tisa. Yamebaki mawili, na macho yangu kwa sasa ni mazuri asubuhi tu.

Naomba kuwasilisha.

Mhazili mstaafu,
Tabora.

Nakala: Chama cha Makatibu Mahsusi Tanzania (TAPSEA), wahazili wote wastaafu wenye madaftari nyumbani. Tafadhali msiyachome.